Michael Thomas Bass: Tajiri wa bia kali aliyekataa kuitwa Lord

WANYWAJI wengi wa bia katika miji ya Afrika Mashariki wamezoea laga, kinywaji chepesi chenye rangi ya dhahabu na kilevi cha asilimia 4 hadi 5, kinachonywewa kikiwa baridi. Iko bia nyingine isiyoweza kunywewa namna hiyo. Humiminwa katika glasi ndogo, haiwekwi barafuni, kilevi chake huweza kupita asilimia 10, na mwenye subira huihifadhi kwa miaka kadhaa kabla ya kuifungua. Waingereza huiita mvinyo wa shayiri, ingawa haina hata tone la maji ya zabibu.

Bia ya kwanza kuuzwa kwa jina hilo, takriban mwaka 1870, ilitoka katika kiwanda kilichokuwa chini ya mtu mmoja aliyejulikana Uingereza nzima, Michael Thomas Bass. Wakati huo alikuwa mzee wa miaka 70 hivi, mbunge wa siku nyingi, na chapa ya pembetatu nyekundu iliyobandikwa kwenye chupa zake ilikuwa imekwisha kufika karibu kila bandari ambako meli za Kiingereza zilitia nanga.

Bass alizaliwa Julai 6, mwaka 1799, katika mji wa Burton-upon-Trent, katikati ya Uingereza. Utajiri wa familia hiyo ulianzia barabarani. Babu yake, William Bass, alikuwa msafirishaji wa mizigo kwa magari ya farasi, na miongoni mwa shehena alizobeba ilikuwamo bia ya watu wengine. Mwaka 1777 aliamua kwamba kuna faida kubwa zaidi katika kuipika kuliko kuibeba, akafungua kiwanda chake mwenyewe. Alifariki miaka 10 baadaye, na kazi ikaendelezwa na mwanawe, aliyeitwa Michael Thomas kama mjukuu.

Biashara ya Burton katika miaka hiyo ilitegemea nchi za mbali. Bia ya mji huo ilikuwa nzito, tamu na kali, na ilisafirishwa kwa mito na mifereji hadi bandari ya Hull, kisha kuvushwa bahari hadi nchi za Baltiki na mji wa St Petersburg, makao ya wafalme wa Urusi. Hiyo ndiyo mama wa mvinyo wa shayiri. Watu wa nchi za baridi kali walitaka kinywaji cha kuwapasha joto, na nguvu yake iliiwezesha kuvumilia safari ndefu bila kuchacha.

Kijana Bass alipoingia kiwandani akiwa na miaka 18, baada ya masomo ya Burton na Nottingham, mambo yalikuwa mabaya. Vita vya Napoleon vilikuwa vimeivuruga njia ya Baltiki kwa miaka mingi. Mwaka 1822 Urusi iliweka ushuru mzito ulioifungia mlango bia ya Burton. Mji uliokuwa umeweka mayai yake yote katika kapu moja ulijikuta na mapipa yasiyo na mnunuzi.

Wokovu ulitoka upande mwingine wa dunia. Maofisa, askari na wafanyabiashara wa Kiingereza waliokuwa India walikuwa wakinywa bia angavu na chungu iliyotengenezwa London. Wapishi wa Burton, akiwamo mshindani mkubwa wa familia ya Bass, Samuel Allsopp, walijaribu kuiiga, wakagundua kwamba ya kwao ilitoka bora kuliko ile ya awali. Sababu ilikuwa chini ya miguu yao. Maji ya visima vya Burton hupita katika matabaka ya jasi, na madini hayo huufanya uchungu wa hopi kuwa safi na mkavu, usiong'ang'ania ulimini. Hadi leo wapishi wa bia wa nchi nyingine huongeza chumvi za namna hiyo katika maji yao ili wapate kitu kinachokaribiana na kile ambacho Burton ilipewa bure na ardhi.

Bass alishika usukani baada ya baba yake kufariki mwaka 1827. Hakuvumbua kinywaji kipya. Kipaji chake kilikuwa kuona mapema njia ambazo bidhaa itapita. Reli ilipofika Burton mwaka 1839, pipa ambalo zamani lilichukua siku nyingi mfereji hadi mfereji liliweza kufika London kwa muda mfupi na kwa gharama ndogo. Kampuni, ambayo wakati huo ilikuwa na wabia wa familia za Ratcliff na Gretton, ilitandaza reli zake yenyewe ndani ya mji, na watu wa Burton wakazoea kusimama njiani kupisha vichwa vya treni vilivyovuta mabehewa ya mapipa.

Msafiri anayepita leo katika stesheni ya St Pancras jijini London anaweza kuiona alama ya biashara hiyo bila kuitambua. Stesheni ilipofunguliwa mwaka 1868, ghorofa yake ya chini ilikuwa ghala la bia ya Burton, na umbali kati ya nguzo za chuma zinazobeba sakafu ya treni ulipangwa kwa kufuata vipimo vya mapipa. Tangu mwaka 2007 ukumbi huohuo unatumiwa na abiria wa treni za kwenda Ufaransa na Ubelgiji.

Mwaka 1852 lilizuka jambo ambalo lingeweza kuiangamiza Burton yote. Zilienea habari kutoka Ufaransa kwamba uchungu wa bia ya Kiingereza ulitokana na sumu ya strikinini. Viwanda havikulinyamazia. Vilifungua milango kwa wanakemia mashuhuri, ambao walipima na kutangaza kwamba hakuna sumu yoyote. Uvumi uliokusudiwa kuwamaliza ukageuka tangazo lao la bure. Pengine hapo ndipo mji huo ulipojifunza thamani ya sayansi, kwani katika miaka ya 1860 kampuni ya Bass ilimwajiri mwanakemia kutoka Ireland, Cornelius O'Sullivan, ambaye utafiti wake juu ya sukari ya kimea ulimpatia heshima kubwa miongoni mwa wanasayansi wa zama zake.

Kufikia mwaka 1877 kiwanda cha Bass kilikuwa kikubwa kuliko vyote duniani, kikitoa takriban mapipa milioni moja kwa mwaka. Pipa moja la Kiingereza hubeba galoni 36, yaani zaidi ya lita 160. Sehemu kubwa ya bia hiyo ilikuwa ile angavu ya pembetatu nyekundu. Lakini bia kali ya kale, ile iliyopendwa na Warusi, haikuachwa. Kiwanda kilizipa bia zake za asili namba kwa kufuata nguvu zake, na iliyokuwa kali kuliko zote ikaitwa Namba 1. Hiyo ndiyo iliyokuja kuuzwa kama mvinyo wa shayiri.

Namna ya kuipika si siri, ingawa inahitaji uvumilivu na mali. Shayiri huloweshwa ikachipua, ikakaushwa kuwa kimea, kisha ikasagwa na kulowekwa katika maji ya moto. Kinachopatikana ni maji matamu ambayo mtu aliyezoea togwa hatashangazwa nayo. Mpishi wa nazi anajua kwamba tui la kwanza ndilo zito, na linalofuata ni jepesi. Ndivyo ilivyo kwa kimea. Kwa bia kali kama Namba 1, mpishi huchukua yale maji ya kwanza tu, yenye sukari nyingi. Mabaki huweza kusuuzwa tena yakatoa bia dhaifu ya kawaida.

Maji hayo huchemshwa kwa saa nyingi. Sukari huanza kuungua kidogo kidogo, rangi hukolea kuelekea ile ya mbao za mninga, na ladha hukaribia sukari guru au tofi. Hopi hutiwa kwa wingi, maana bila uchungu wake kinywaji kingekuwa uji mtamu usionyweka. Hamira ikiisha kutiwa, huila sukari na kuigeuza kilevi, hadi inapofika mahali kilevi kinapoielemea na kuichosha. Sukari inayosalia ndiyo huipa bia hii uzito wake mdomoni.

Ikiwa changa, hukwaruza. Uchungu na utamu hugombana, na kilevi huchoma koo. Muda ndio huzipatanisha. Zamani ilikaa katika mapipa ya mbao mwaka mzima na zaidi, na humo hamira nyingine, ya polepole, iliendelea na kazi kimya kimya. Mwaka 1904 mwanasayansi Niels Hjelte Claussen, wa maabara ya Carlsberg nchini Denmark, alieleza kwamba hamira hiyo ndiyo iliyozipa bia kali za Kiingereza ladha yao ya kimvinyo, akaipa jina la Brettanomyces, lenye maana ya kuvu wa Uingereza. Wapishi wa Burton walikuwa wameitegemea kwa vizazi bila kujua kwamba ipo.

Miaka inavyosonga, uchungu hufifia na hewa kidogo iliyomo hufanya kazi yake. Hapo ndipo mnywaji huanza kukuta ladha za zabibu kavu, tende, tini, asali, lozi, wakati mwingine ngozi na moshi, na mara nyingi kitu kinachofanana na mvinyo wa sheri wa Hispania. Si kila chupa hufika salama. Nyingine hugeuka siki, nyingine hubaki na ladha ya karatasi iliyolowa. Jina la mvinyo, kwa hiyo, halikuwa la majigambo matupu. Lilitokana na nguvu za kinywaji hicho na tabia yake ya kuzeeka.

Ikumbukwe pia kwamba zama hizo bia kali ilitangazwa kama dawa ya wagonjwa na ya kina mama wanaonyonyesha, jambo ambalo hakuna daktari wa leo angelikubali.

Sifa za Michael Thomas Bass hazikukoma kiwandani. Mwaka 1848 alichaguliwa kuwa mbunge wa Derby kwa tiketi ya chama cha Liberal, na aliiwakilisha Derby kwa miaka 35, hadi 1883. Hakuwa msemaji hodari. Alisifika zaidi kwa mahudhurio kuliko hotuba. Nafasi yake katika chama hicho ilikuwa ya ajabu kidogo, kwa sababu miongoni mwa Waliberali walikuwamo watetezi wakali wa kupiga vita ulevi, waliotaka wananchi wapewe uwezo wa kuzifunga baa za maeneo yao. Chama kiliposhindwa uchaguzi wa mwaka 1874, kiongozi wake, William Gladstone, aliamini kwamba hasira za wauza pombe zilichangia kukiangusha. Wenye viwanda vya pombe wengi walihamia upande wa pili. Bass hakuhama. Alibaki alipokuwa, na mwaka 1880 Gladstone huyohuyo akaifuta kodi ya kimea iliyolalamikiwa kwa muda mrefu, akiweka badala yake kodi ya bia yenyewe.

Mchango wake uliodumu kuliko yote haukuhusu bia. Wafanyakazi wa reli wa Uingereza walikuwa wakifanya kazi kwa saa nyingi mno, wakati mwingine zaidi ya 15 kwa siku, na uchovu wao uligharimu maisha yao na ya abiria. Bass alikuwa miongoni mwa wateja wakubwa wa kampuni ya Midland Railway, na alikuwa na hisa ndani yake. Mtu mwenye masilahi kama hayo angetarajiwa kunyamaza. Yeye alilipeleka suala hilo bungeni, akatoa fedha zake, na mwaka 1871 wafanyakazi hao wakaunda chama chao cha kwanza cha kitaifa kwa msaada wake. Gazeti la kutetea hoja zao nalo lilianzishwa kwa fedha zake.

Kuna kinaya katika yaliyofuata. Chama hichohicho, mwaka 1899, ndicho kilichopeleka hoja katika mkutano mkuu wa vyama vya wafanyakazi iliyozaa, mwaka uliofuata, kamati ambayo baadaye ilikuja kuwa chama cha Labour. Na ni chama hicho kilichohukumiwa mwaka 1901, katika kesi maarufu ya Taff Vale, kulipa hasara iliyotokana na mgomo, hukumu iliyowasukuma wafanyakazi wengi zaidi kwenye siasa. Labour ilikuja kuchukua nafasi ya Waliberali kama mpinzani mkuu wa Conservative. Tajiri wa bia, bila kukusudia, alikuwa ametia mbolea mti ulioukausha ule wa kwake.

Huruma yake, hata hivyo, ilikuwa na mipaka. Mwaka 1864 aliongoza kampeni bungeni dhidi ya wanamuziki wa mitaani wa London, wengi wao wahamiaji maskini kutoka Italia waliozungusha vinanda vya mkono kutafuta riziki. Alikusanya na kuchapisha kitabu kizima cha malalamiko, akiungwa mkono na mwanahisabati Charles Babbage, ambaye ndoto yake ya mashine ya kukokotoa inamfanya aitwe na wengi baba wa kompyuta, na ambaye hakuna kilichomkera kama vinanda hivyo. Sheria ilipita, na mwenye nyumba akapata haki ya kumfukuza mpiga kinanda mbele ya mlango wake. Ni vigumu kuona jinsi mtu aliyeguswa na jasho la mpiga filimbi wa treni alivyoshindwa kuguswa na lile la mpiga kinanda, isipokuwa kwamba mmoja alikuwa na kazi inayotambulika na mwingine alionekana kero tu.

Ukarimu wake kwa miji aliyoishi na kuiwakilisha unaonekana hadi sasa. Derby ilipata kwake uwanja wa mapumziko, maktaba na jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1879, na baadaye ukumbi wa sanaa. Burton alikojengea utajiri ilipata kanisa la Mtakatifu Paulo. Aliishi Rangemore, nje kidogo ya mji, katika jumba lililolingana na mfuko wake.

Mara kwa mara alipendekezewa heshima ya kuingia katika daraja la mabwana wakubwa wa nchi. Alikataa, kwa kuwa kuipokea kungemtoa katika Bunge la wawakilishi wa wananchi. Mwaka 1882 hadhi ya ubaroneti alipewa mwanawe, Michael Arthur, badala yake, na mwanawe huyo ndiye aliyekuja kuwa Lord Burton mwaka 1886.

Mwaka huohuo wa 1882, mjini Paris, mchoraji Édouard Manet alionyesha picha yake ya mhudumu wa baa ya Folies-Bergère. Juu ya kaunta, kando ya chupa za shampeni, zinaonekana chupa mbili za bia zenye pembetatu nyekundu. Miaka 6 kabla ya hapo, Januari 1, mwaka 1876, alama hiyo ilikuwa ya kwanza kuandikishwa chini ya sheria mpya ya nembo za biashara ya Uingereza. Ya pili kuandikishwa ilikuwa almasi nyekundu, nayo ni ya Bass, iliyowekwa kwenye bia yake kali.

Alifariki Aprili 29, mwaka 1884, nyumbani kwake Rangemore, akiwa na miaka 84.

Kiwanda kilibaki mikononi mwa familia na wabia wake. Mwaka 1902 Mfalme Edward VII alitembelea Burton na kuanzisha kwa mkono wake upishi wa bia kali maalumu, ambayo chupa zake bado hutafutwa na wakusanyaji. Lakini karne ya 20 haikuwa rafiki wa vinywaji vya namna hiyo. Kodi ilipanda kwa kadiri ya nguvu ya bia, vita vikapunguza nafaka, na vijana wakapendelea vyepesi. Mvinyo wa shayiri ukawa kinywaji cha wazee wa baa, ukiuzwa katika vichupa vidogo vya theluthi ya painti.

Waliouinua tena ni Wamarekani. Mwaka 1975 kiwanda cha Anchor cha San Francisco kilipika Old Foghorn, na mwaka 1983 Sierra Nevada ikafuata na Bigfoot, yenye uchungu wa hopi ambao Burton isingeuthubutu. Anchor ilifunga milango mwaka 2023, ila mtindo huo umekwisha kuenea.

Kampuni ya Bass yenyewe iliuza viwanda vyake vya bia mwaka 2000 na kubaki na hoteli ilizokuwa imezinunua, miongoni mwake zile za InterContinental, jina ambalo wakazi wa Nairobi waliliona katikati ya jiji lao hadi hoteli hiyo ilipofungwa mwaka 2020.

Mwaka 2006, katika ghala la kiwanda cha zamani huko Burton, zilikutwa chupa za bia kongwe zilizosahauliwa. Miongoni mwake zilikuwamo za mwaka 1869, zilizopikwa kusherehekea kuzaliwa kwa mtoto katika familia ya Ratcliff, wabia wa Bass, wakati mzee huyo angali hai na akikiongoza kiwanda. Zilipofunguliwa, baada ya miaka 137, bia ilikuwa bado inanyweka, ikiwa na ladha ya zabibu kavu na sheri.